Je, Wajua? Kwa Nini Ni Vigumu Kuhama Peke Yako

Je, wajua kwamba ni milimita 67 tu zinazotenganisha reli mbili kongwe za Dar es Salaam? Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914, ina geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya njia, ya milimita 1,000. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970 hadi 1975, ina geji ya milimita 1,067. Tofauti hiyo haifiki upana wa kiganja cha mtu mzima, lakini inatosha kabisa kulizuia behewa la huku lisitembee kule. Wahandisi hawakukosea. TAZARA ilijengwa ili shaba ya Zambia ipate njia ya kufika baharini bila kupita katika nchi zilizokuwa bado mikononi mwa walowezi na wakoloni, na reli za Zambia na za majirani zake wa kusini zilikuwa za milimita 1,067. Anayetaka kuunganisha reli na jirani hana budi kufuata geji ya jirani. Gharama ikabaki Tanzania: mzigo uliotoka Kigoma haukuweza kuendelea Mbeya kwa reli bila kushushwa na kupakiwa upya. Mwaka 1998 ndipo kituo cha kuhamishia mizigo kilipofunguliwa Kidatu, mkoani Morogoro, mahali geji hizo mbili zinapokutana.

Tazama sasa upande wa kaskazini. Waingereza walipoanza kujenga reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896, walichagua milimita 1,000. Wajerumani waliokuwa wakijenga kutoka Tanga kwenda Moshi nao walitumia milimita hizo hizo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, jeshi la Waingereza lilitandika reli kutoka Voi hadi Kahe, karibu na Moshi, na treni za upande mmoja zikaendelea upande wa pili bila kushusha kitu. Mahasimu wa vita waliachiana reli zinazoungana, na Tanzania huru, ikiwa na nia njema kabisa, ikajikuta na reli mbili zisizoungana ndani ya mji mmoja.

Wachumi huliita jambo hili athari za mtandao. Maana yake ni kwamba faida unayoipata kwenye kitu inategemea ni watu gani wengine wanakitumia na kama unaweza kuwafikia. Reli, simu, kadi ya benki, pesa za simu na programu za kutumiana ujumbe ziko katika kundi hili. Katika kundi hili mteja anaweza kukaa miaka mahali pasipomfaa, kwa sababu wenzake wote wako hapo, na wenzake nao wamekaa kwa sababu yeye yupo. Kampuni inayowashikilia haihitaji kuwa bora kuliko nyingine. Inatosha iwe imewahi kuwakusanya.

Uswidi yahamia kulia

Je, wajua kwamba Uswidi nzima iliwahi kuhama upande wa barabara kwa asubuhi moja? Waswidi walikuwa wakiendesha kushoto, ilhali majirani zao wa Norway na Finland wakiendesha kulia, na magari mengi ya Uswidi kwenyewe yalikuwa na usukani wa kushoto. Mwaka 1955 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni, na asilimia 83 hivi walikataa kubadilisha. Serikali na Bunge baadaye waliamua vinginevyo. Jumapili tarehe 3 Septemba 1967, muda mfupi kabla ya saa 11 alfajiri, magari yaliyokuwa barabarani yalisimamishwa, yakavuka taratibu kwenda upande wa kulia, yakasubiri, kisha yakaruhusiwa kuendelea. Ajali zilipungua mwanzoni kwa sababu kila dereva alikuwa macho, halafu zikarudi katika hali ya kawaida.

Hapa hakuna mtu ambaye angeweza kuanza mwenyewe. Dereva anayehamia kulia wakati wengine wako kushoto hafanyi mageuzi, anatafuta ajali. 

Samoa ilifanya kinyume chake tarehe 7 Septemba 2009: ilitoka kulia ikahamia kushoto, ili watu wake waweze kununua kwa bei nafuu magari yaliyotumika kutoka Japani, Australia na New Zealand. Sababu hiyo wasomaji wa Afrika Mashariki wataielewa haraka. Tanzania, Kenya na Uganda tuko kushoto, Rwanda, Burundi na Kongo wako kulia, na dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam hubadilisha upande akishavuka mto Kagera pale Rusumo.

Siku mbili za nyundo, na bei isiyoshuka

Je, wajua kwamba mwaka 1886 kampuni za reli za kusini mwa Marekani zilibadilisha geji ya zaidi ya maili 11,000 za reli kwa siku mbili tu? Ilikuwa tarehe 31 Mei na 1 Juni. Kusini kulitumia futi tano, na sehemu kubwa ya nchi ilikuwa karibu na inchi tatu pungufu ya hapo. Kwa wiki kadhaa vibarua walipita kwenye mataruma wakipigilia misumari mipya mahali chuma kitakapohamia na kung'oa sehemu ya misumari ya zamani. Siku ilipofika, magenge yaliyopangwa kando ya njia yaling'oa misumari iliyosalia, yakausukuma ndani upande mmoja wa reli, yakapigilia, yakasogea mbele. Treni zikaanza kupita moja kwa moja kati ya Kusini na Kaskazini.

Sehemu inayonivutia zaidi ni waliolipanga jambo hilo. Kampuni hizo zilikuwa ndani ya chama kimoja, Southern Railway and Steamship Association, na kazi kubwa ya chama hicho ilikuwa kupanga nauli za mizigo ili wanachama wasishindane kwa bei. Mchumi Daniel P. Gross alipochambua kumbukumbu za mizigo ya wakati ule, alikuta kwamba mizigo ilitoka melini ikahamia relini, lakini nauli haikushuka. Faida ya kuunganisha reli ilibaki kwa waliokaa meza moja.

Hili ndilo fundo gumu katika sheria za ushindani. Washindani wanapokutana kukubaliana juu ya geji, umbo la plagi au namna simu zitakavyoungana, mwananchi hufaidika. Watu hao hao wakikubaliana bei, mwananchi anaibiwa. Marekani ilipitisha sheria yake ya kwanza ya kupinga ukiritimba mwaka 1890, miaka minne baada ya nyundo zile. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo nayo inakataza washindani kupanga bei. Ofisa wa tume ya ushindani anapoingia chumba chenye kampuni tatu za simu, swali la kwanza ni hilo: mnazungumza juu ya waya au juu ya bei?

Daktari mwenye simu mbili mezani

Je, wajua kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari na wenye maduka katika miji mingi ya Marekani walilazimika kuwa na simu mbili? Hati miliki za Alexander Graham Bell zilikwisha muda wake mwaka 1893 na 1894, na kampuni huru za simu zikachipuka kwa maelfu. Kampuni ya Bell ilikataa kuunganisha nyaya zake na zao. Mteja wa Bell hakuweza kumpigia mteja wa kampuni huru aliyekaa mtaa wa pili. Mwenye biashara ambaye hakutaka kupoteza mteja alilipia zote mbili.

Theodore Vail, aliyeiongoza kampuni mama ya Bell, yaani AT&T, alilielewa jambo hili kuliko wengi. Katika taarifa yake ya mwaka 1908 aliwaeleza wenye hisa waziwazi kwamba simu isiyo na mtu upande wa pili haina thamani yoyote. Jibu lake lilikuwa mfumo mmoja kwa nchi nzima, ukiwa mikononi mwa kampuni yake. Serikali ilipoanza kumkaba, AT&T ilikubali mwezi Desemba 1913, kupitia barua ya makamu wake wa rais Nathan Kingsbury, kuacha kununua wapinzani ovyo na kuwaruhusu kuunganishwa na laini zake za masafa marefu.

Je, hilo liliwaokoa wale wadogo? Wengine wanaamini hivyo. Wapo wanahistoria, kama Milton Mueller, wanaosema ushindani wa simu mbili mbili ndio uliozilazimisha pande zote kutandika nyaya hadi vijijini, na ukaisha pale milango ilipofunguliwa. Mimi naona kila upande una hoja: kuunganisha kulimwondolea daktari gharama ya simu ya pili, lakini kuliiacha AT&T kubwa kama ilivyokuwa, hadi ilipovunjwa tarehe 1 Januari 1984.

Kadi 60,000 ambazo hakuna aliyeziomba

Je, wajua kwamba mwezi Septemba 1958 Bank of America iliwatumia wakazi wa Fresno, California, kadi za mkopo 60,000 kwa posta, bila wao kuziomba? Shida ilikuwa hii: mwenye duka hana haja ya kupokea kadi ambayo wateja hawana, na mteja hana haja ya kubeba kadi ambayo maduka hayaipokei. Benki ilichagua Fresno kwa sababu karibu nusu ya familia za pale zilikuwa tayari wateja wake. Ikamwaga kadi kwa mpigo ili siku moja mji mzima uwe nazo. Hasara ilikuwa kubwa mwanzoni, kwa wizi na kwa madeni yasiyolipwa, na mwaka 1970 sheria ya Marekani ikapiga marufuku kumtumia mtu kadi asiyoiomba. Lakini kadi ile ilisimama. Tangu 1976 inaitwa Visa.

Ufaransa ilitumia mbinu kama hiyo. Kuanzia 1982 shirika la posta na simu liligawa bure kwa wateja wake kifaa cha Minitel, chenye kioo na vibonye, badala ya kitabu cha namba za simu. Wafaransa wakawa wanakata tiketi za treni kwenye kioo miaka mingi kabla ya intaneti kuingia majumbani. Huduma hiyo ilifungwa tarehe 30 Juni 2012.

AT&T ilifanya kinyume. Mwaka 1970 ilileta mjini Pittsburgh simu yenye picha kwa dola 160 kwa mwezi, kiasi kikubwa sana kwa wakati ule. Mteja alilipa fedha zote hizo ili aonane na watu ambao wengi wao hawakuwa na chombo hicho. Simu hiyo haikufika popote. Anayetaka umati lazima akubali kubeba hasara ya watu wa kwanza, na ndivyo kampuni za simu za Afrika Mashariki zilivyofanya zilipomsajili mteja wa pesa za simu bure na kumlipa wakala kamisheni kwa kila aliyesajiliwa.

Mwezi ambao bei ya dakika Kenya iliporomoka

Je, wajua kwamba kampuni kubwa ya simu inaweza kumfunga mteja kwa bei peke yake, hata kama nyaya zote zimeunganishwa? Njia yenyewe ni kufanya simu za ndani ya mtandao ziwe rahisi na za kwenda nje ziwe ghali. Mteja mpya huuliza jambo moja tu: ndugu zangu wako wapi? Akishajibiwa, anajiunga hapo, na mwingine atakayekuja baada yake atamkuta naye yupo.

Nyuma ya bei hiyo kuna ada ambayo wateja hawaioni. Ukipiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, mtandao wako huulipa ule unaopokea. Mtandao mdogo unaumia zaidi, kwa sababu simu nyingi za wateja wake hutoka nje. Ule mkubwa hauumii, kwa kuwa simu zake nyingi huishia humo humo. Mwezi Agosti 2010 Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliikata ada hiyo kwa nusu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Kampuni ya simu ya Zain haikusubiri. Ilitangaza shilingi 3 kwa dakika kwenda mitandao yote, na wengine wakalazimika kushusha bei. Ada hiyo iliendelea kupunguzwa. Kufikia Machi 2024 ilikuwa shilingi 0.41.

Wateja walikuwa wameshajitafutia dawa yao. Mtu alibeba laini mbili au tatu, akazichomoa na kuzichomeka kutegemea anampigia nani, mpaka simu za laini mbili zilipojaa madukani. Dawa hiyo inafanya kazi, na heshima yake ni ya wateja wenyewe. Lakini ni simu mbili za daktari yule wa Marekani, zilizorudi baada ya miaka mia moja.

Meza ya wakala

Je, wajua kwamba Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika ambako kampuni za simu zilikubaliana kuunganisha pochi zao za pesa? Jambo hili hatulisemi vya kutosha, nami nitalikalia kidogo.

Vodacom ilianzisha M-Pesa Tanzania mwaka 2008. Wakafuata wengine: Zantel, Tigo Pesa, Airtel Money. Tofauti na Kenya, hakuna mmoja aliyelitawala soko zima, na wakala wa Tanzania hakufungwa na kampuni moja. Ndiyo maana meza ya wakala wa Kariakoo, Mwanjelwa au stendi yoyote ile ilikuwa na rangi zote: bango jekundu, la bluu, jekundu jingine, simu ndogo tatu au nne za batani zimepangwa kwa mstari, kila moja na laini yake, daftari la hesabu lililochakaa kona, na droo moja ya fedha taslimu inayohudumia wote. Kazi ngumu ya wakala huyo ilikuwa floti, yaani salio lake la kielektroniki katika kila mtandao. Mteja wa Tigo Pesa alitaka kuweka laki mbili, floti ya Tigo ilikuwa imekwisha, na ile ya Airtel ilikuwa imelala bila kazi.

Mteja naye alikuwa na yake. Ukimtumia fedha mtu aliye mtandao mwingine, hazikuingia kwenye pochi yake. Alipata ujumbe wenye namba ya siri, akatakiwa kumtafuta wakala wa mtandao wako, si wa kwake, aonyeshe namba ile na achukue fedha taslimu ndani ya muda uliowekwa. Makato yalikuwa makubwa kuliko ya kutuma ndani ya mtandao. Na kama ulitaka mama kule kijijini apokee kiasi kamili, ilibidi utume na ya kutolea.

Mazungumzo ya kuunganisha yalisimamiwa na IFC, taasisi ya kundi la Benki ya Dunia, huku Benki Kuu ya Tanzania ikifuatilia bila kuzitolea kampuni amri. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel waliingia. Vodacom, iliyokuwa na wateja wengi zaidi, iliingia mwezi Februari 2016. Kuanzia hapo fedha zikawa zinatoka pochi moja zinaingia nyingine moja kwa moja. Kwa nini mkubwa alikubali? Wadogo waliokwishaungana walikuwa wanakuwa mtandao mmoja mkubwa ambao yeye hayumo, na wateja wake walianza kuona ukuta upande wake. Hapo ndipo ninaposema kwamba wingi wa wadogo ulifanya kazi ambayo amri ya serikali ingeweza kushindwa kuifanya. Baadaye Benki Kuu ilijenga TIPS, mfumo wa taifa wa malipo ya papo kwa papo, ili benki na kampuni za simu zikutane mahali pamoja badala ya kila mbili kusaini mkataba wao.

Kenya: mlango uliofunguliwa baada ya watu kuingia

Je, wajua kwamba hadi mwaka 2014 wakala wa M-Pesa nchini Kenya alibanwa na mkataba asihudumie kampuni nyingine? M-Pesa ilianza Machi 2007, ikakua kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia, na kufikia 2014 ilikuwa na mawakala wapatao 80,000. Mshindani aliyetaka kuanza alilazimika kutafuta mawakala wake tangu mwanzo, kijiji kwa kijiji, wakati duka zuri la kila soko limeshachukuliwa. Airtel ililalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na mwezi Julai 2014 Safaricom, mwenye M-Pesa, ilikubali kuviondoa vipengele hivyo vya mkataba. Kutumiana fedha moja kwa moja kati ya pochi za kampuni tofauti kulianza 2018.

Matokeo? Miaka mingi baada ya mlango kufunguliwa, sehemu kubwa kabisa ya miamala ya nchi iliendelea kupita M-Pesa. Sisemi mamlaka ilikosea; ilifanya jambo sahihi. Ilichelewa. Watu walikuwa wameshazoea, maduka yameshabandika namba zao, na mshindani aliyepewa ruhusa ya kukodi kona ya meza alikuta hakuna anayeuliza huduma yake. Tofauti kati ya Dar es Salaam na Nairobi katika jambo hili si ubora wa sheria. Ni wakati: huku milango ilifunguliwa kabla umati haujatulia mahali pamoja.

Brazil haikusubiri

Je, wajua kwamba Benki Kuu ya Brazil iliwahi kuisimamisha WhatsApp siku chache tu baada ya kuanza? Mwezi Juni 2020 WhatsApp ilianzisha huko huduma ya kutumiana fedha ndani ya programu ambayo Wabrazil wengi walikuwa nayo tayari. Kabla mwezi haujaisha, benki kuu iliamuru isimame, ikitaka kwanza kupima athari zake kwa ushindani. Tarehe 16 Novemba mwaka huo huo ikazindua Pix, mfumo wake wa malipo. Kila taasisi yenye akaunti zaidi ya 500,000 ililazimishwa kujiunga, na mtu binafsi hutuma bure. WhatsApp iliruhusiwa kuendelea mwaka 2021, wakati Wabrazil walikuwa wameshajaa ndani ya Pix.

Wapo waliolalamika kwamba benki kuu ilikuwa mwamuzi na mchezaji kwa wakati mmoja, na lalamiko hilo lina uzito. Lakini iliona mapema jambo moja: kwenye biashara za namna hii, anayekusanya watu kwanza ndiye anayeandika masharti.

Kundi la kamati ya harusi

Je, wajua kwamba mwezi Januari 2021 Telegram ilitangaza kupata watumiaji wapya milioni 25 ndani ya saa 72? WhatsApp ilikuwa imewatangazia watu masharti mapya ya faragha, ikiwapa hadi tarehe 8 Februari wakubali. Watu wakakimbia, wengine kwenda Telegram, wengine kwenda Signal, ambayo mitambo yake ilizidiwa ikazima kwa muda. WhatsApp ikasogeza tarehe hadi 15 Mei.

Kisha wengi wakarudi, au hawakuwahi kutoka kabisa. Fungua kundi lolote la kamati ya harusi upate jibu. Mtunza hazina ameweka orodha ya majina, kila jina na ahadi yake, aliyemaliza ana alama ya vema, aliyelipa nusu ana salio mbele ya jina. Kila mchango ukiingia orodha inanakiliwa upya na kutumwa tena. Shangazi aliye Muscat anaisoma, binamu aliye Minnesota anaisoma, mwenyekiti aliye Tabora anaisoma. Nani atoke? Anayetoka anaonekana anakwepa mchango. Umoja wa Ulaya umeona hilo, na sheria yake ya masoko ya kidijitali, ambayo masharti yake yalianza kuwabana wakubwa mwezi Machi 2024, inaitaka WhatsApp ifungue njia ili mtu wa programu nyingine ndogo aweze kuwasiliana na aliyeko ndani. Haki hiyo ni ya wakazi wa Umoja wa Ulaya. Shangazi wa Muscat na mwenyekiti wa Tabora hawamo.

Namba ni yako, salio usilisahau

Je, wajua kwamba unaweza kuhama mtandao wa simu bila kubadilisha namba? Kenya iliruhusu hilo mwezi Aprili 2011, na Tanzania tarehe 1 Machi 2017 chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Kabla ya hapo, aliyechoshwa na mtandao wake alipaswa kuwatangazia upya ndugu, wateja na mwajiri, na wengi waliona heri wavumilie. Watu wachache hutumia haki hii, lakini hata asiyeitumia anafaidika nayo, kwa sababu kampuni inajua kwamba mlango uko wazi.

Ukiamua kuhama, usiende kuomba ruhusa kwa mtandao unaouacha. Nenda kwenye duka au kwa wakala wa ule unaoutaka, ukiwa na kitambulisho, na uwe umelipa madeni yako ya zamani. Jambo moja lizingatie sana: namba inahama, pochi ya pesa haihami nayo. Toa au tumia salio lako lote kabla ya kuanza.